Kutoka Kijaa hadi Kaunta: Historia ya Jiwe la Jikoni Busia na Tororo

Utangulizi

Historia ya Afrika Mashariki imeandikwa sana kwa upande wa watawala, misafara, reli na vyama vya siasa. Kwa upande wa jikoni imeandikwa kidogo mno. Waandishi wengi walikuwa wanaume, na kwao jikoni palikuwa mahali pa kusubiri chakula. Matokeo yake ni kwamba vifaa ambavyo mama na bibi zetu walivitumia kila siku vimepita bila kuandikiwa hata ukurasa mmoja, na majina yake nayo yanapita.

Makala haya yanakusudia kuangalia kitu kimoja tu, nacho ni jiwe la jikoni, katika eneo la Busia na Tororo kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi ya mawe: mji wa Tororo umekaa chini ya mwamba ambao kilele chake kinakaribia mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na msafiri huuona kabla hajauona mji wenyewe. Pili, ni nchi ya mpaka, na mpakani bidhaa huvuka pamoja na maneno yake. Neno bodaboda, ambalo leo limeenea mbali kupita mpaka huo, husimuliwa kuwa lilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, baiskeli zilipobeba abiria kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili.

Siku hizi mwenye kujenga nyumba ya kudumu katika miji hii hutamani kaunta ya jikoni ya jiwe lililong'arishwa, na hasa lile lenye mawimbi na mizunguko kama maziwa yaliyomiminwa katika chai bila kukorogwa. Huangalia bamba, akapenda rangi, akalipa. Hoja yetu ni kwamba kuchagua jiwe kwa sura ni jambo jipya katika eneo hili. Kwa karne nyingi jiwe la jikoni lilichaguliwa kwa kazi yake, na aliyelichagua alikuwa mwanamke.

Kaunta ya kwanza: mwamba wenyewe

Kusini mwa Busia ya Uganda, ndani ya Ziwa Viktoria, kipo kisiwa cha Dolwe, ambacho pia huitwa Lolui. Kisiwa hiki kinajulikana kwa michoro ya kale ya miambani na kwa mawe yanayolia kama ngoma yakigongwa. Jambo linalotuhusu hapa ni la tatu: juu ya miamba yake ya itale kuna vishimo vingi vilivyolika kwa kusagia. Watu walikaa juu ya mwamba, wakaweka punje, wakasaga kwa jiwe la mkononi, mwaka baada ya mwaka, hadi mwamba ukashika umbo la kazi.

Basi hiyo ndiyo kaunta ya jikoni ya zamani zaidi tuwezayo kuionyesha karibu na mpaka huu. Haikuhamishika, haikuwa na mwenyewe mmoja, na uzuri wake ulitokana na matumizi.

Mafiga na kijaa

Baadaye, katika nyumba za wakulima wa wimbi na mtama, jiwe liliingia ndani ya jiko kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni mafiga, yale mawe matatu ya kuinjikia chungu. Methali yetu kwamba figa moja haliinjiki chungu kila mwanafunzi anaijua, ingawa wengi wanaoikariri leo wamepikiwa kwa gesi. Si kila jiwe lilifaa kuwa figa. Jiwe lenye unyevu ndani yake au lenye tabaka hupasuka likipata moto mkali, na likipasuka chungu humwagika. Mpishi alipaswa kulijua jiwe kabla ya kuliamini.

Namna ya pili ni jiwe la kusagia, ambalo Kiswahili huliita pia kijaa. Kwa kweli ni mawe mawili: kubwa la chini lililolala, na dogo la juu linaloshikwa kwa mikono. Waganda wana jina kwa kila moja: la chini ni olubengo, la juu ni enso. Lugha nyingine za mpakani, za Waluhya wa Samia, Wateso na Wajopadhola, nazo zina majina yake. Yanafaa kukusanywa na wenye lugha zao, wala si kukisiwa na mwandishi wa makala haya.

Jiwe la kusagia lilikuwa na masharti. Lilitakiwa kuwa gumu ili lisilike upesi, lenye chembe za kukwaruza ili lishike punje, na lenye mshikamano ili lisitoe mchanga katika unga. Jiwe laini lilimezwa pamoja na ugali, na meno ya familia ndiyo yaliyolipa gharama. Jiwe lililokuwa limelika na kuwa laini juu lilichongwa upya kwa kugongwagongwa na jiwe gumu zaidi, na likishachongwa ilibidi kusaga punje kidogo za kutupa ili kuondoa vumbi la jiwe. Huu ulikuwa ujuzi kamili wa mawe. Haukuandikwa kitabuni, bali ulipitishwa kwa mikono kutoka kwa mama hadi kwa binti.

Ujuzi huo haukujua mpaka. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii, pamoja na ile ambayo leo ni magharibi ya Kenya, ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza walilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, na mstari ukawapitia Wasamia na Wateso katikati. Dada wawili wakawa raia wa tawala mbili, lakini jiwe la kusagia likabaki lile lile.

Kijaa kilishindwa na mashine ya kusaga. Mashine za dizeli zilipoenea katika vituo vya biashara, na mahindi yalipochukua nafasi ya wimbi katika sufuria, mwanamke alipunguziwa kazi nzito ya alfajiri. Hakuna sababu ya kuililia kazi hiyo. Hata hivyo, jiwe lilipotoka jikoni lilitoka na mamlaka yake. Tangu hapo anayechagua jiwe la nyumba amekuwa fundi, mfanyabiashara au mwenye fedha, na mpishi huulizwa mwisho, kama huulizwa.

Reli, saruji na slabu

Jiwe lilirudi jikoni kwa mlango mwingine, nao ni kiwanda. Reli iliyopita Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, na mji ukawa njia panda ya mizigo. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliamua kujenga bwawa la umeme la Owen Falls kule Jinja, ambalo lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1954. Bwawa linahitaji saruji, na malighafi kuu ya saruji ni jiwe la chokaa. Tororo ilikuwa nalo, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 kiwanda cha saruji kikajengwa huko, chini ya shirika la maendeleo la Uganda lililoundwa mwaka 1952.

Jiwe hilo la Tororo lina historia ya ajabu. Mahali pengi jiwe la chokaa hutokana na magamba ya viumbe vya baharini. La Tororo na la vilima jirani vya Sukulu lilitoka katika volkano, makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Ni jiwe la moto lenye kemikali ya chokaa, na aina hiyo ni adimu duniani. Wanajiolojia husafiri kutoka mbali kuja kuliona.

Saruji ndiyo iliyoleta kaunta katika jiko la mjini. Katika nyumba za watumishi wa serikali, za wafanyakazi wa reli na za wenye maduka, jiko lilijengewa slabu ya zege, ikapakwa niru na kulainishwa kwa mwiko wa chuma. Pengine ilitiwa rangi nyekundu, ile ile ya sakafu. Waliojiweza zaidi waliweka terazo, yaani vipande vidogo vya mawe vilivyochanganywa na saruji kisha vikasuguliwa hadi vikang'aa. Kwa mara ya kwanza mpishi aliweza kufanya kazi akiwa amesimama. Badiliko hilo la mgongo wa mwanamke linastahili kuandikiwa historia yake.

Halafu ikaja miaka ya shida. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na viwanda vikadorora kimoja baada ya kingine. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Saruji ikawa adimu Uganda, magendo yakawa ndiyo biashara ya mpakani, na nyumba nyingi zikasimama bila kumalizika. Kiwanda cha Tororo kilibinafsishwa katikati ya miaka ya 1990 na kikafufuka. Jumuiya nayo ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, umoja wa forodha ukaanza mwaka 2005, na mwaka 2018 marais wa nchi zote mbili wakazindua kituo cha pamoja cha mpaka pale Busia. Njia ilipofunguka, mabamba ya mawe yaliyong'arishwa ng'ambo yakapata barabara rahisi kutoka bandari ya Mombasa hadi sebuleni na jikoni.

Jiwe linalochomwa na jiwe linalong'arishwa

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kaskazini mwa Tororo, katika milima ya Moroto kule Karamoja, kuna marumaru ya asili. Ni jiwe la chokaa la kale lililobanwa na kuchomwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, likakunjwa kama unga wa chapati. Madini mengine yaliyokuwa ndani yake, kama vile chuma na udongo, yalivutwa pamoja nalo yakawa michirizi na mawimbi. Mawimbi ambayo mteja wa Busia huyalipia fedha nyingi katika jiwe la ng'ambo ni kumbukumbu ya kukunjwa namna hiyo.

Marumaru ya Moroto husafirishwa kwa malori kutoka maeneo kama Tapac, safari ya zaidi ya kilomita 150, hadi Tororo. Sehemu kubwa yake haifiki huko ili ikatwe mabamba. Inavunjwa, inatiwa katika tanuri, inachomwa na kusagwa kuwa saruji. Wakati huo huo, kwenye barabara zinazoingia kutoka Malaba na Busia, yanapita mabamba kutoka India, China na kwingineko, yakiwa na mawimbi ya namna ile ile. Jiwe letu tunalichoma, na la wenzetu tunaling'arisha.

Jambo hili si geni katika historia ya Waswahili, na inafaa tushuke pwani kidogo tulinganishe. Wajenzi wa Kilwa Kisiwani walichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea, lakini walipotaka jiwe la fahari waliagiza marumaru iliyochongwa Khambhat, huko Gujarat, na vipande vyake vimepatikana katika magofu ya kisiwa hicho. Karne nyingi baadaye, mwaka 1883, Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib Unguja kwa matumbawe na chokaa, na sakafu akaziweka marumaru. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka mwezi Desemba 2020. Tofauti ni kwamba pwani haikuwa na marumaru yake yenyewe. Sisi wa bara tunayo.

Tusiwaonee wenye viwanda. Saruji hujenga shule, zahanati na madaraja. Kaunta yenye mawimbi haijengi chochote. Tena, kupata bamba si kazi nyepesi. Jiwe la saruji laweza kulipuliwa kwa baruti, kwa kuwa litavunjwa hata hivyo. Jiwe la mabamba linataka kukatwa machimboni likiwa gogo zima lisilo na ufa, kisha lipasuliwe kwa misumeno mikubwa na kusuguliwa kwa mashine zinazohitaji umeme wa uhakika na maji mengi. Hata hivyo, swali la kihistoria linabaki. Mtu wa Karamoja anayeuza jiwe kwa lori huuza uzito. Anayeuza bamba huuza umri wa jiwe, umbo lake na kazi ya mikono. Tofauti ya bei kati ya vitu hivyo viwili ndiyo historia ya uchumi wetu kwa muhtasari.

Majina yanayotuponyoka

Sisi wa idara ya Kiswahili tunayo sehemu yetu katika jambo hili. Neno marumaru limetufikia kutoka Kiarabu, marmar, na chimbuko lake la mbali ni Kiyunani. Saruji nayo imekuja kwa njia ya Oman na Uajemi, ambako lilikuwa jina la lipu ya kienyeji. Simiti imekuja na Waingereza. Maneno haya ni mali yetu sasa, lakini hatuyatumii kwa uangalifu.

Kwa mfano, nchini Tanzania watu wengi wakisema marumaru wanamaanisha vigae vya sakafu vilivyochomwa kiwandani. Mkenya akienda dukani huko kuulizia marumaru akiwa na maana ya jiwe, ataonyeshwa kitu kingine kabisa. Vivyo hivyo, Kiswahili kina neno itale, wingi wake matale, kwa lile jiwe gumu lenye chembe zinazometa. Linapatikana katika kamusi na vitabu vya jiografia, lakini dukani husikika graniti tu. Na graniti ya dukani si itale kila mara. Wafanyabiashara duniani kote huita hivyo karibu kila jiwe gumu linalokubali kung'arishwa. Jiwe jeusi la India lenye vimeta kama nyota, ambalo linapendwa sana, kwa wanajiolojia si itale kamwe.

Kosa la jina hapa huzaa hasara. Anayeuziwa marumaru akidhani ni itale atagundua tofauti siku ya kwanza atakapokamua ndimu.

Kuchagua leo

Kwa kuwa wasomaji wetu kadhaa wanajenga, si vibaya kuyaweka hapa mambo machache ya matumizi.

Kwanza, marumaru ni chokaa, na chokaa haipatani na asidi. Ndimu, siki, ukwaju na nyanya huacha doa lililofifia ambalo halitoki kwa sabuni, kwa sababu si uchafu bali ni jiwe lenyewe lililoliwa. Pia ni laini kuliko kisu. Itale halijali ndimu, na kisu cha kawaida hakilikwaruzi kwa urahisi. Kwa hiyo mwombe muuzaji kipande cha masalio, udondoshe ndimu, usubiri, kisha ukwaruze kwa ncha ya kisu. Majaribio haya mawili hayagharimu kitu.

Pili, mawimbi ya jiwe la asili hayajirudii. Usichague kwa kipande kidogo cha mfano. Taka kuliona bamba zima, na ukubaliane na fundi mahali pa kuunga na upande wa mawimbi kabla msumeno haujawashwa.

Tatu, uzito. Bamba la itale lenye unene wa sentimita 3 lina takriban kilo 80 kwa mita moja ya mraba. La sentimita 2 lina kama kilo 54. Kabati la mbao nyepesi halitabeba mzigo huo.

Nne, na hili ndilo zito, kuna mabamba ya kiwandani yanayotengenezwa kwa unga wa kwatzi na gundi ya kemikali. Mawimbi yake yamechorwa na mashine, hayashiki doa kwa urahisi, na wengi huyapenda. Lakini mengi yana silika zaidi ya asilimia 90. Yakikatwa, hasa bila maji, hutoa vumbi laini ambalo huingia mapafuni na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Australia, baada ya vijana wake wengi wa kazi hiyo kuugua, ilipiga marufuku mabamba hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Itale nalo lina silika, ingawa kwa kiwango cha chini. Mwenye nyumba anayeona kijana akikata jiwe uani akiwa mweupe kwa vumbi, bila maji na bila barakoa ya kufaa, ana wajibu wa kusimamisha kazi. Bibi zetu walikataa jiwe lililotia mchanga katika unga wa watoto. Sisi hatuna udhuru wa kulikubali linalotia vumbi katika mapafu ya mtoto wa mwenzetu.

Hitimisho

Tumeona kwamba jiwe la jikoni mpakani limepita hatua kadhaa: mwamba wa kusagia wa Dolwe, mafiga na kijaa, slabu ya saruji ya Tororo, na sasa bamba la mawimbi kutoka ng'ambo. Katika hatua za kwanza aliyelitumia ndiye aliyelijua na kulichagua. Katika hatua za mwisho ujuzi umehama kutoka kwa mpishi kwenda kwa muuzaji, na faida imehama kutoka machimboni kwenda mbali zaidi.

Kurudi kwenye kijaa haiwezekani wala haitakiwi. Linalowezekana ni kuurudisha ujuzi. Wanafunzi wetu wanaotoka Busia, Malaba, Samia na Tororo wanaombwa, watakapokwenda likizo, wawaulize bibi zao majina ya jiwe la chini na la juu, jina la jiwe la kuchongea, na namna walivyolitambua jiwe baya. Wayaandike kwa lugha za nyumbani na kwa Kiswahili, wayalete idarani. Na wale wanaojenga wampeleke mpishi dukani, wamwachie ndimu na kisu, na fundi asubiri jibu lake.